Nchi Iliyochorwa kwa Nta: Emily Kame Kngwarreye na Batiki ya Wanawake wa Utopia

Kaskazini-mashariki ya mji wa Alice Springs, katikati ya bara la Australia, umbali wa kilomita zipatazo 250, liko eneo la nyika kame linaloitwa Utopia, ambalo hupitiwa na Sandover, mto usio na maji kwa sehemu kubwa ya mwaka na ambao hujulikana kwa mkanda wake mpana wa mchanga na mikaratusi iliyojipanga kingoni. Udongo wa huko ni mwekundu kwa wingi wa madini ya chuma, na juu yake huota migunga mifupi iitwayo mulga pamoja na spinifeksi, nyasi ngumu zenye ncha kali zinazokua kwa mafungu ya duara. Mvua haina msimu wa kutegemewa, na yaweza kukosekana kwa muda mrefu hata ardhi ikaonekana kama iliyokufa; lakini inaponyesha vya kutosha, mbegu zilizolala mchangani huchipua kwa pamoja, na katika muda wa majuma machache nyika nzima hufunikwa na maua ya manjano, meupe na ya zambarau. Nchi hii ni ya Waanmatyerr na Waalyawarr, jamii mbili kati ya jamii nyingi za Waaborijini, yaani wenyeji asilia wa Australia, ambao kabla ya Waingereza kuanzisha koloni lao la kwanza mwaka 1788 walikuwa na lugha zaidi ya 250 katika bara hilo.

Humo, katika sehemu iitwayo Alhalkere, alizaliwa mnamo miaka ya 1910 mwanamke ambaye dunia ilikuja kumjua kwa jina la Emily Kame Kngwarreye. Jina hilo linahitaji kufafanuliwa, kwa sababu kila sehemu yake ina asili tofauti. Emily ni jina la Kizungu, la aina ambayo Waaborijini wengi walipewa walipoanza kufanya kazi kwa wafugaji wa kigeni. Kame ni jina lake la asili, nalo linahusu mbegu na maganda ya mbegu ya anwerlarr, mmea utambaao wa jamii ya kunde ambao mizizi yake hunenepa chini ya ardhi na kuwa viazi vyembamba virefu vinavyoliwa. Kngwarreye si jina la baba wala la babu, bali ni jina la fungu la kijamii, moja kati ya mafungu manne ambayo huamua nani amwite nani shangazi, nani aoe wapi, na nani awe na wajibu gani katika mila. Ndiyo maana wasanii wengi wa Utopia huitwa Petyarre, Pwerle, Kemarre au Kngwarreye bila kuwa wote wa nyumba moja. Siku hizi wataalamu wanaofuata tahajia ya Kianmatyerr huandika jina lake Kam Kngwarray, ila tahajia ya zamani ndiyo iliyoenea katika vitabu vingi.

Alipokuwa msichana, wafugaji wa Kizungu walikuwa wameanza kuingia katika bonde la Sandover wakiwa na ng'ombe na hati za kukodi ardhi zilizotolewa na serikali, na katika miaka ya 1920 ukoo wa Kunoth ulianzisha ranchi iliyopewa jina la Utopia. Wenyeji hawakuulizwa. Visima vya asili walivyovitegemea vikageuka kuwa vya kunyweshea mifugo, na watu waliokuwa wakiishi kwa kuwinda na kuchimba viazi wakajikuta wakifanya kazi kwa ujira wa unga, sukari na majani ya chai. Kngwarreye alifanya kazi katika mashamba hayo ya mifugo, na inakumbukwa kwamba alikuwa mmoja wa wanawake wachache walioongoza ngamia, wanyama waliotumika kubeba mizigo kabla ya malori kuenea. Mwaka 1966 tume ya usuluhishi wa kazi ya Australia iliamua kwamba wafanyakazi Waaborijini wa ranchi za Northern Territory walipwe sawa na Wazungu, uamuzi uliotekelezwa kuanzia Desemba 1968. Lakini haki hiyo ilikuja na pigo lake, kwani wenye ranchi wengi waliona ni heri kuwaachisha kazi kuliko kuwalipa, na familia nyingi za kati ya bara zikabaki bila ujira wowote.

Katika miaka yote hiyo, hata hivyo, jambo moja halikukatika, nalo ni uhusiano wa watu na nchi yao. Neno nchi hapa lichukuliwe kwa maana yake ya zamani katika Kiswahili, ile inayosikika katika usemi wa mbingu na nchi, wala si kwa maana ya dola yenye bendera. Kwa Waanmatyerr, nchi ni ardhi pamoja na kila kilichomo, mimea, wanyama, maji yaliyojificha, upepo, na vilevile wazee wa mwanzo ambao katika safari zao waliumba vilima na mabonde na kuacha nguvu zao humo. Jambo hili huitwa Altyerr. Wageni walilifasiri kwa neno la ndoto, na tafsiri hiyo imewapotosha wengi, kwa sababu Altyerr si habari ya usingizini wala si kale iliyokwisha, bali ni mwanzo unaoendelea hadi leo, na pia ni sheria inayomwonyesha mtu ni nchi ipi aitunze na kwa nyimbo zipi.

Sehemu ya wanawake katika utunzaji huo huitwa awely, yaani sherehe ambazo ndani yake wanawake huimba nyimbo za nchi yao, hucheza, na huchorana miilini. Udongo wa rangi nyekundu, ya manjano na nyeupe husagwa, ngozi hupakwa mafuta, kisha mistari huchorwa kifuani, mabegani na mikononi, na mistari hiyo si pambo tu bali ni alama za kiazi fulani, ndege fulani au mjusi fulani ambaye ukoo husika una dhamana naye. Zaidi ya miili, kulikuwa na mchanga wenyewe, ambao wanawake waliulainisha kwa kiganja na kuuchora kwa vidole huku wakisimulia, alama moja ikiwa mtu aliyeketi, nyingine ikiwa nyayo za emu, ndege mkubwa asiyeruka aliye mfano wa mbuni. Kngwarreye alikuwa kiongozi wa awely ya Alhalkere. Kwa hiyo mtu anayeiandika historia yake kana kwamba alianza kuchora uzeeni hukosea tangu mstari wa kwanza: alikuwa amechora kwa zaidi ya nusu karne, isipokuwa alichora juu ya vitu ambavyo havikukusudiwa kudumu, jasho likaviosha na upepo ukavifuta.

Kitu cha kudumu kilichokuja kwanza kilikuwa nguo, nayo ilifika Utopia kwa njia ndefu iliyoanzia Java. Batiki, ambayo wasomaji wa Afrika Mashariki wanaijua vizuri kutokana na vitambaa vinavyotengenezwa na vikundi vya akina mama mijini, ni ufundi wa kupamba nguo kwa nta na rangi, na mafundi wa Java ndio walioufikisha kwenye kilele chake kwa kutumia canting, kijikopo cha shaba chenye mdomo mwembamba na mpini, ambacho humimina nta ya moto kama kalamu inavyomimina wino. Katika karne ya 19 viwanda vya Uholanzi viliiga batiki hizo kwa mashine na kuzipeleka Afrika, na humo ndimo kilimozaliwa kitenge. Kwa hiyo kitenge cha Kariakoo na hariri ya Utopia vina nyanya mmoja, ingawa vilikulia mbali sana.

Waaborijini wa kwanza kuujua ufundi huu vizuri walikuwa wanawake Wapitjantjatjara wa Ernabella, ambayo leo huitwa Pukatja, katika safu za milima ya Musgrave kaskazini mwa jimbo la South Australia. Misheni ya Kipresibiteri ilifunguliwa hapo mwaka 1937, na mwaka 1948 kikaanzishwa chumba cha kazi za mikono ambamo wanawake walisokota sufu na kufuma mazulia yaliyopambwa kwa walka, yaani michoro yao ya mistari inayojikunja na kuzaana kama mizizi. Batiki ililetwa huko mwaka 1971, na mwaka 1975 wanawake watatu wa Ernabella, wakiwemo Nyukana Baker na Yipati Kuyata, walisafiri hadi Yogyakarta kujifunza katika taasisi ya utafiti wa batiki. Walirudi na maarifa mengi ya rangi na nta, lakini hawakurudi na michoro ya Java. Huu ni uamuzi wa kupigiwa mstari, kwa sababu mwanafunzi anayekwenda kwenye chemchemi ya ufundi mara nyingi hurudi akiwa mwigaji, nao walirudi wakiwa Wapitjantjatjara wale wale, wenye walka ile ile, ila sasa kwa kalamu ya nta.

Mwaka 1976 bunge la Australia lilipitisha sheria ya haki za ardhi za Waaborijini wa Northern Territory, sheria iliyowaruhusu kudai nchi zao mbele ya kamishna wa ardhi, kwa sharti la kuthibitisha kwamba wao ndio wenyewe kwa mila. Wakati huo ranchi ya Utopia ilikuwa imenunuliwa na mfuko wa umma kwa niaba ya wenyeji, na watu waliokuwa wametawanyika wakaanza kurudi na kuishi katika kambi ndogo ndogo, kila ukoo karibu na nchi yake. Jenny Green, mwalimu kijana ambaye baadaye alikuwa mwanaisimu na kuandaa kamusi ya Kianmatyerr, alikuwa akiendesha masomo ya watu wazima kwa wanawake wa hapo, na mwaka 1977 batiki ikaingizwa katika masomo hayo kwa msaada wa Suzanne Bryce na Yipati, yule yule aliyekwenda Yogyakarta. Mwaka uliofuata kikaundwa kikundi cha batiki cha wanawake wa Utopia, na Kngwarreye, ambaye umri wake ulikuwa umepita miaka 60, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wake.

Kazi yenyewe ilifanyika nje, chini ya miti au vibanda vya matawi, wanawake wakiwa wameketi mchangani na vitambaa mapajani, watoto na mbwa wakipita katikati. Nta iliyeyushwa kwenye moto wa kuni, ikachotwa kwa canting au kwa brashi na kuchorwa juu ya kitambaa cheupe cha pamba, na baadaye cha hariri. Kisha kitambaa kikatumbukizwa katika rangi hafifu, na kilipokauka kikachorwa tena, na kutumbukizwa tena katika rangi iliyokoza zaidi, hadi mchoraji alipotosheka, ndipo kikachemshwa katika mapipa ya chuma ili nta yote itoke. Palipofunikwa na nta hapakuingia rangi, kwa hiyo mstari uliochorwa mwanzo kabisa ndio unaobaki mweupe na kung'aa mwishoni, na yule anayechora analazimika kufikiri kwa kinyume, akijua kwamba anachokificha sasa ndicho kitakachoonekana baadaye. Nta ya moto haisubiri, kwani hupoa ikaganda mkononi, na tone likidondoka pasipotakiwa haliwezi kufutwa. Mafundi wa Java huliona tone kuwa kosa. Wanawake wa Utopia walilikaribisha, wakaacha brashi ikimbie, na nyufa ndogo za nta iliyovunjika, ambazo hupitisha rangi na kuacha mishipa myembamba kitambaani, zikawa sehemu ya mchoro.

Tofauti yao na walimu wao wa Ernabella ilidhihirika mapema. Wanawake wa Ernabella kwa kawaida walisema kwamba walka zao ni michoro ya kupendeza isiyobeba siri za mila, na wakaishikilia mipaka hiyo kwa uangalifu. Ila wale wa Utopia waliingiza katika nguo mistari ya awely, nyayo za emu, mijusi, maua yanayoota baada ya mvua, mbegu zinazosagwa kuwa unga, na mizizi ya viazi. Wengine walichora mimea kwa namna ambayo mtu aijuaye nyika angeweza kuitambua kwa jani na ua. Kngwarreye hakupenda sana njia hiyo. Batiki zake za miaka hiyo zimejaa mistari inayotambaa, ikikutana na kuachana, na kati yake nukta zilizodondoshwa kwa wingi na kwa kasi, zisizopangwa kwa safu, zikitapakaa kama mbegu zilizotikiswa kutoka kwenye ganda. Ni vigumu kuitazama kazi ya namna hiyo bila kukumbuka maana ya jina Kame.

Mwaka 1979 dai la ardhi ya Utopia lilisikilizwa na kamishna wa ardhi, jaji John Toohey. Mfumo wa mahakama ulizoea kuwasikiliza wanaume, na wataalamu wengi wa zamani walikuwa wameandika kana kwamba ardhi na mila zake ni mambo ya wanaume peke yao. Lakini wanawake wa Utopia walijitokeza, wakataja nchi zao, wakachora miili yao na kucheza awely kama ushahidi wa umiliki. Hati ya kudumu ikatolewa kwa wenyeji. Batiki haikuwa ndiyo iliyoshinda kesi hiyo, na si haki kuipa sifa isiyo yake. Ila wanawake hao hao, katika miaka hiyo hiyo, walikuwa wakikutana kila mara kuchora nchi yao juu ya nguo, wakipata fedha zao wenyewe na usafiri wa kwenda sehemu walizokuwa hawajazikanyaga kwa miaka mingi, na mazoea ya kusema kwa pamoja mbele ya wageni hayazuki siku moja.

Hapa pafaa kusimama juu ya kiazi cha anwerlarr, kwa kuwa ndicho kiini cha kazi ya Kngwarreye. Mmea huo hutambaa karibu na vijito vya mchanga, una majani matatu matatu na maua ya manjano, na juu ya ardhi hauonyeshi mengi. Kiazi kinapokomaa majani hunyauka na kupotea, na kinachobaki ni ufa mdogo katika ardhi, ambao mwanamke mzoefu huuona na wengine huupita. Mwanamke huyo huketi, huchimba kwa mti uliochongwa ncha, na hufuata mzizi kwa mkono ndani ya udongo, ukikunja anakunja nao, ukigawanyika anachagua tawi. Kngwarreye alifanya hivyo tangu utotoni. Mstari wake, kwa hiyo, haukutokana na kuitazama mandhari kwa mbali, kama mchoraji wa Ulaya anayesimama kilimani na kuweka upeo wa macho katikati ya picha, bali ulitokana na kuigusa nchi kwa vidole, na ndiyo sababu hakuna upeo wa macho katika kazi zake. Mtazamaji yuko juu ya ardhi na chini yake kwa wakati mmoja, anaona ua na mzizi pamoja, na nguo, kitu kisicho na juu wala chini na kinachoweza kugeuzwa upande wowote, iliufaa mtazamo huo kuliko fremu yoyote ya ukutani.

Wakati huo huo, katika kijiji cha Papunya kilicho magharibi mwa Alice Springs, wanaume walikuwa wameanza mwaka 1971 kuchora hadithi za Altyerr kwa rangi za akriliki, yaani rangi za kisasa zinazochanganywa na maji na kukauka haraka, na kazi zao zikaanza kununuliwa na majumba ya sanaa. Batiki za Utopia hazikupata heshima hiyo. Zilionyeshwa na kuuzwa, lakini mara nyingi zilihesabiwa kuwa kazi za mikono, na neno hilo lilibeba dharau mbili, moja kwa nguo na nyingine kwa wanawake. Mwaka 1987 uratibu wa mauzo ulichukuliwa na Rodney Gooch, ambaye alisimamia duka la chombo cha habari cha Waaborijini wa Australia ya kati huko Alice Springs, na mwaka 1988 aliwagawia wanawake vipande vya hariri ili kila mmoja achore habari ya nchi yake. Mkusanyiko uliotokea, wa kazi 88, ulinunuliwa wote na tajiri Robert Holmes à Court, na ukapewa jina linalomaanisha hadithi ya picha ya Utopia. Ni mojawapo ya mikusanyo mikubwa ya nguo katika historia ya sanaa ya Australia, kwa kuwa unaihifadhi nchi nzima kama ilivyojulikana na wenyewe, kila kipande kikiwa cha mkono tofauti.

Miezi michache baadaye, katika kiangazi cha 1988 na 1989, Gooch aligawa kanvasi ndogo 100 pamoja na rangi nne tu za akriliki, nyeusi, nyeupe, nyekundu na ya manjano, na matokeo yakaonyeshwa Sydney mwaka 1989. Kanvasi ya kwanza ya Kngwarreye, inayojulikana kama Mwanamke Emu, iliwashangaza waliozoea sanaa ya Papunya, kwa sababu haikuwa na miduara na njia zilizopangwa kwa ulinganifu, bali mistari ya mwilini na nukta zilizomiminwa. Walidhani wanaona mwanzo. Kwa kweli walikuwa wanaona miaka 11 ya nta, ikiwa imehamia kwenye kitu kingine. Alipoulizwa baadaye kwa nini aliacha batiki, jibu lake lilikuwa la mtu anayejua gharama ya kazi: alieleza kwamba kuwasha moto, kuchemsha nguo tena na tena na kumaliza sabuni ya unga kulimchosha, na kwamba macho yake yalikuwa yamedhoofika, hivyo kuchora kwa rangi kulimfaa zaidi.

Alichokiacha ni moto na mapipa; mkono wake haukuiacha nguo. Katika kanvasi za miaka ya mwanzo alichora kwanza mtandao wa mizizi, kisha akaufunika kwa tabaka za nukta hadi mizizi ikabaki ikionekana kwa mbali, au isionekane kabisa, jinsi fundi wa batiki anavyofunika mstari kwa nta na rangi juu ya rangi. Aliendelea kuketi chini huku kanvasi ikiwa imetandazwa kama kitambaa, akiifikia kutoka pande zote na nyingine akizichora akiwa ameketi juu yake. Rangi zake zilifuata majira ya nchi, kahawia na kijivu za wakati wa ukame, kijani na manjano za baada ya mvua, na katika mwaka 1994 alichora kazi ya paneli nne yenye upana wa zaidi ya mita sita ambayo wauzaji waliipa jina linalomaanisha uumbaji wa dunia, iliyosheheni buluu na manjano ya nyika iliyofufuka. Katika mwaka huo huo alianza pia kuchora mistari mitupu sambamba, ile ile ya kifuani katika awely, bila nukta hata moja. Mwaka 1995 alirudi kwenye kiazi na kuchora, kwa mstari mweupe juu ya weusi, kanvasi yenye upana wa mita nane hivi ambayo sasa iko katika jumba la sanaa la National Gallery of Victoria mjini Melbourne. Mistari yake inajikunja bila kukatika kutoka ukingo hadi ukingo, nayo ilimalizwa kwa siku mbili na mwanamke aliyekaribia au kupita miaka 80. Mstari mweupe katika giza ndio mstari wa nta baada ya nguo kuchemshwa, na anayeijua batiki hahitaji kuambiwa.

Inakadiriwa kwamba katika miaka minane alichora kazi zipatazo 3000. Idadi hiyo husimuliwa kama muujiza, lakini ilikuwa pia mzigo. Wafanyabiashara walifika kambini mmoja baada ya mwingine wakitaka kanvasi, na fedha alizopata hazikukaa mkononi, kwa maana desturi ya Waanmatyerr ilimtaka mwenye kipato agawane na jamaa, naye alikuwa na jamaa wengi wanaomtegemea. Hakuzaa, ila alilea watoto wa ndugu zake, miongoni mwao Barbara Weir, ambaye alichukuliwa na maofisa wa serikali akiwa mtoto, kama walivyochukuliwa maelfu ya watoto wenye baba Wazungu, kisha akarudi akiwa mtu mzima, akajifunza upya lugha na hatimaye akawa msanii. Mwaka 1992 Kngwarreye alipewa tuzo ya heshima ya wasanii wa Australia iliyoanzishwa na serikali. Alitumaini kwamba sasa angeweza kupumzika. Maombi ya kanvasi yakaongezeka. Wiki chache kabla ya kifo chake, mwaka 1996, alichora kwa siku tatu kanvasi 24 kwa brashi pana, safari hii bila mstari wala nukta, ni mabaka mapana tu ya rangi yanayokutana kama maji. Alifariki Alice Springs mwanzoni mwa Septemba 1996.

Katika desturi ya kati ya bara, jina la marehemu halitamkwi kwa muda wa maombolezo, na wenye jina kama lake huitwa Kwementyaye, neno linaloshika nafasi ya jina lililofichwa. Ulimwengu wa sanaa ulifanya kinyume, ukalitamka jina lake kila mahali. Mwaka 1997 kazi zake ziliiwakilisha Australia katika maonyesho ya Venice pamoja na za Judy Watson na za Yvonne Koolmatrie, mfumaji wa vikapu wa jamii ya Wangarrindjeri. Mwaka 2007 ile kazi ya paneli nne iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni moja za Australia, na mwaka 2017 ikauzwa tena kwa dola milioni 2.1. Maonyesho ya Osaka na Tokyo mwaka 2008 yalihudhuriwa na umati mkubwa. Wahakiki wengi walimlinganisha na wachoraji wa Marekani wa baada ya vita vya pili vya dunia ambao walichora bila kuonyesha vitu, ingawa hakuna dalili kwamba kazi zao ndizo zilizomfundisha; ulinganisho huo ulimpatia nafasi katika vyumba vikubwa, lakini uliiondoa Alhalkere ndani ya picha. Okwui Enwezor, msimamizi wa maonyesho aliyezaliwa Nigeria na Mwafrika wa kwanza kuongoza maonyesho ya Venice, aliiweka kazi ile ya mwaka 1994 katika maonyesho yake ya mwaka 2015, kati ya wasanii waliokuwa wakizungumzia ardhi, kazi na historia ya ukoloni, na pengine hapo ilikuwa karibu zaidi na nyumbani kwao.

Wenzake wa kikundi cha batiki nao walifuata njia zao. Kathleen Petyarre, aliyechora mapito ya mjusi mwenye miiba katika nchi ya baba zake, alishinda tuzo ya kitaifa ya sanaa ya wenyeji asilia mwaka 1996, na ndugu yake Gloria Petyarre, ambaye majani ya mmea wa dawa yanayopeperuka katika kazi zake yamejulikana sana, alishinda mwaka 1999 tuzo ya Wynne, tuzo ya zamani ya uchoraji wa mandhari ya Australia, ambayo kabla yake hakuna Mwaborijini aliyewahi kuipata. Wote wawili walijifunza kuchora kwa nta kabla ya kushika rangi ya akriliki.

Kwa muda mrefu nguo zenyewe zilikaa katika makabati ya majumba ya makumbusho, zikiwa zimekunjwa au kuviringishwa, kwa sababu hariri huchakaa kwa mwanga na haiwezi kutundikwa muda mrefu, na kwa sababu maonyesho mengi yaliianza hadithi ya Kngwarreye kwenye kanvasi. Mwishoni mwa mwaka 2023 jumba la taifa la sanaa huko Canberra lilifungua maonyesho makubwa yake yaliyosimamiwa na wanawake wawili Waaborijini, Kelli Cole na Hetti Perkins, kwa ushirikiano na wanawake wa Utopia, na mwaka 2025 kazi zake zikaonyeshwa Tate Modern mjini London. Katika maonyesho hayo batiki ziliwekwa pamoja na kanvasi, jina likaandikwa kwa tahajia ya Kianmatyerr, na vitambaa vikaonekana pande zote mbili, mbele na nyuma, kwa kuwa nta iliyopenya vizuri huacha mstari ule ule kotekote.